Kwa anayeanza kutengeneza modeli za handaki kwenye mwamba laini

Kabla hujafungua programu ya kukokotoa, nenda ukaone sampuli zako zinavyotunzwa. Mwamba laini, yaani ule ambao nguvu yake ya kuhimili mgandamizo haifiki megapaskali 25 hivi, huanza kubadilika mara tu unapotolewa ardhini. Mwamba wa matope ukikauka hutoka nyufa nyembamba kama nywele, na ukirudishiwa maji unamumunyuka mkononi. Sampuli ifungwe plastiki na kupakwa nta palepale inapochorongwa. Iliyokauka itakupa namba, lakini si namba ya mwamba ulioko chini.

Matokeo ya maabara yakija, wengi huchukua nguvu ya kilele, yaani mzigo mkubwa kabisa ambao sampuli iliubeba kabla ya kuvunjika, na kuiingiza kwenye modeli. Mimi naiogopa sana tabia hii. Handaki likishachimbwa, mwamba unaolizunguka hukipita kilele mapema: nyufa ndogo zinaungana, mshikamano unapotea, na msuguano ndio unaobaki kubeba mzigo. Modeli inayochukulia kwamba nguvu haishuki itakuonyesha eneo dogo la uharibifu, nawe utapanga zege jembamba mahali ambapo watu watasimama kufanya kazi. Waombe mafundi wa maabara wasizime mashine sampuli inapovunjika. Waendelee kuibana polepole, wakidhibiti mwendo na si mzigo, kwa shinikizo la pembeni la viwango kadhaa, mpaka mchoro wa mzigo ulale. Hapo ulipolala ndipo penye nguvu utakayoitegemea.

Ukiingiza ushukaji huo wa nguvu kwenye modeli, angalia wavu wa elementi, yaani vipande vidogo ambavyo programu inagawia mwamba ili kuukokotoa. Uharibifu hujikusanya kwenye ukanda wa upana wa elementi moja, hivyo ukipunguza ukubwa wa elementi, jibu nalo linabadilika. Rudia hesabu kwa nyavu za ukubwa tofauti. Majibu yasipokaribiana, usimkabidhi mtu ripoti.

Anayetumia kanuni ya Hoek na Brown, ya kukadiria nguvu ya mwamba wenye nyufa, akumbuke kwamba kigezo D, cha 0 hadi 1, ni cha ukanda ulioumizwa na baruti au uchimbaji. Usikipake mlima mzima.

Kisha linganisha modeli na vipimo vya mwendo wa kuta za handaki. Zikisogeleana kwa zaidi ya asilimia 1 ya kipenyo, matatizo ya uthabiti yanaanza kunukia. Na zikiendelea kusogea wakati uchimbaji umesimama, modeli isiyohesabu muda haikutoshi tena: omba jaribio la mzigo wa kudumu.