Msimsahau Kalambay: jibu langu kuhusu bondia mkubwa wa wakati wote

Jambo ba yaya na ba ndugu. Swali lililoletwa hapa ni hili: tukimtafuta mkubwa wa wakati wote, tuhesabu kazi yake yote, au tumpime kwa zile dakika chache ambazo pambano zima linaamuliwa? Mmoja wetu amesema bondia Mmarekani Floyd Mayweather, mapambano 50 bila kupoteza hata moja, amefunga mjadala. Mwingine akaleta warushaji wa besiboli, wale wanaomrushia mpigaji mpira: Mariano Rivera ni simba wa siku kubwa, Clayton Kershaw anaingiwa na woga. Mimi nimecheza boksi miaka 9 huku Katuba, Lubumbashi, na sasa nafundisha vijana. Najibu kwa yaliyonipata, na mwisho nitafika kwa Sumbu Kalambay, bondia wa hapa kwetu.

Pambano langu la nne nilikuwa nimeachwa nyuma raundi mbili. Ya tatu ilinikuta mate yamekauka na mikono mizito kama nimebeba matofali. Kwenye kona kocha alinimwagia maji shingoni, akanishika kidevu ili nimtazame, akaniambia neno moja: "Kushoto." Karibu na kengele yule mwenzangu alishusha mkono wa kulia, labda kwa nusu sekunde, na ngumi yangu ya kushoto ikampata kwenye taya. Mwamuzi alihesabu hadi kumi. Wiki nzima mtaani niliitwa mtu wa dakika ya mwisho.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa palepale: raundi ya tatu, nyuma kwa pointi, uchovu uleule. Nilisubiri mkono wa kulia ushuke. Haukushuka. Nilirusha kushoto, nikakuta glavu, nikapigwa, nikapoteza. Watu walewale walisema nina moyo mdogo, na jambo hilo liliniuma kuliko kipigo. Moyo ulikuwa uleule. Ngumi ilikuwa ileile, niliyoipiga kila asubuhi kabla ya shule kwenye gunia la matambara lililoning'inia kwenye mwembe. Aliyebadilika ni mpinzani.

Tangu hapo, nikisikia fulani "anaweza" au "hawezi" siku kubwa, nauliza kwanza: alikuwa amechoka kiasi gani, na aliyesimama mbele yake alifanya nini?

Chukueni Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, 30 Oktoba 1974. Muzee wangu alisikiliza redioni. Kule ilikuwa saa kumi usiku, kwetu saa kumi na moja alfajiri. Tunalisimulia pambano lile kana kwamba Ali alikuwa anazama akajiokoa. Lakini kabla ya raundi ya nane alikuwa anaongoza kwa majaji wote watatu. Aliegemea kamba, akamwacha Foreman arushe mpaka mabega yakaisha nguvu, na katikati akawa anamjibu kwa ngumi safi za usoni. Foreman alikuwa ameshinda mapambano 40, 37 kwa nokauti. Hakuwa amezoea kurusha hadi raundi ya nane. Ali alijua hivyo. Mimi naiita kazi iliyopangwa, na inanifanya nimheshimu zaidi.

Mkitaka mtu aliyekuwa anazama kweli, ni Sugar Ray Leonard dhidi ya Thomas Hearns, 16 Septemba 1981. Alikuwa nyuma kwa majaji wote, jicho limevimba, akammaliza Hearns raundi ya 14.

Sasa Sugar Ray Robinson, ambaye kwangu ndiye wa kwanza. Tarehe 25 Juni 1952, New York, joto likikaribia digrii 40, alipanda uzani kumtafuta Joey Maxim, bingwa aliyekuwa mzito kuliko yeye. Alikuwa mbele kwa majaji wote. Joto lilimshinda hata mwamuzi, ikabidi aletwe mwingine. Baada ya raundi ya 13 Robinson hakuweza kuinuka kwenye kigoda chake. Hakuna aliyewahi kumwita mwoga. Basi kwa nini Kershaw aitwe hivyo?

Besiboli nilifundishwa na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Kansas City, Marekani. Mwaka 2014 timu ya mji wake ilifika mechi ya saba ya fainali (fainali ya besiboli huchezwa hadi mechi saba), ikavunjwa na mrushaji mmoja wa San Francisco, Madison Bumgarner. Alikuwa amerusha mechi nzima ya tano bila kufungwa. Baada ya siku mbili tu za kupumzika aliingia tena, akarusha vipindi vitano, kati ya tisa vya mechi, bila kufungwa. Yaya alinipigia simu usiku ule, sauti imekauka, akaniambia hajawahi kuona mkono wa namna ile. Hiyo nakubali ni ukubwa wa siku kubwa, kwa sababu kila mtu uwanjani alijua amechoka.

Lakini mrushaji si bondia. Kocha anaweza kumtoa, au kumwacha mpaka aharibikiwe, na Kershaw mara kadhaa alirudishwa kurusha kabla mkono haujapumzika vya kutosha. Rivera mwenyewe, ambaye katika mechi za mtoano alifungwa kwa wastani wa 0.70 tu kwa kila vipindi tisa, alipoteza mechi ya saba ya fainali mwaka 2001 akiwa na uongozi mkononi. Na yupo Don Larsen: 8 Oktoba 1956, katika fainali, wapigaji 27 walimjia na hakuna hata mmoja aliyefika besi ya kwanza. Maisha yake yote alishinda mechi 81, akapoteza 91. Kama usiku mmoja unatosha, Larsen awe juu ya wote. Nani atakubali?

Na hapa ndipo linaponigusa. Sumbu Kalambay alizaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1956, akaenda kupigana Italia. Vijana wengi mtaani hawamjui, na wazee wanaomjua wanaanza na Las Vegas, Machi 1989: Michael Nunn alimwangusha kwa mkono mmoja wa kushoto, sekunde 88, basi. Mwaka mmoja kabla, 5 Machi 1988, huyohuyo Kalambay alikutana na Mike McCallum ambaye hakuwa amepoteza pambano lolote, akamshinda kwa pointi, raundi 12, akabaki na mkanda wa ubingwa wa dunia wa WBA. McCallum akawa bingwa katika uzani wa aina tatu.

Simweki Kalambay kwenye kumi bora wangu. Ila siku za Jumamosi, mazoezi yakiisha, nawakalisha vijana kwenye ukuta, simu naiegemeza kwenye ndoo ya maji, nawaonyesha pambano la McCallum lote. Nawaambia watazame mguu wake wa mbele na wahesabu ngumi za kushoto. Mpaka raundi ya nne huwa wamepoteza hesabu, wanabaki wanatazama tu.