Kwenye marudio ya Historia, njoo na jibu lako mkononi

Muhula wa tatu ukishafunguliwa, Jumamosi za Mombasa huwa ni za marudio. Kumbi za shule hujaa watoto wa kidato cha nne kutoka Likoni, Changamwe, Kisauni na Mvita yenyewe, feni zinazunguka juu bila kuleta upepo wa maana, na mbele amesimama mwalimu mgeni na chaki yake. Mimi ni mmoja wa hao walimu wageni. Somo langu ni Historia na Serikali, wanalofanyia KCSE, mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, na msimu huu huitwa huku na huku. Ninaloliona kila mwaka ni lile lile: mtoto anakuja na daftari jipya na kalamu mbili, lakini hana hata mstari mmoja aliouandika nyumbani kabla ya kuja. Anataka kujazwa. Mchana anaondoka na kurasa chungu nzima za notisi ambazo alikuwa nazo tangu kidato cha pili.

Historia ni tamu kuisikiliza, na hapo ndipo inapowaponza wengi. Ukisimuliwa vizuri jinsi Waomani walivyoizingira Ngome ya Yesu kuanzia 1696 mpaka ikaanguka 1698, unatoka ukumbini ukijihisi umeelewa, na kweli umeelewa. Lakini mtahini anataka hoja sita kwa maandishi, ndani ya dakika ishirini na kidogo, na saa ya ukutani inakwenda. Hilo huliwezi kwa kusikiliza peke yake. Ndiyo maana siku hizi nikialikwa, naomba walimu wa shule wawaambie watoto mapema: kila mmoja aje na jibu moja la insha aliloliandika mwenyewe, kitabu kikiwa kimefungwa. Liwe baya, liwe nusu, madhali ni lake.

Tuanze na hesabu ya pepa, maana wapo wanaofika Oktoba hawajaijua. Pepa ni mbili, kila moja maki 100 na saa mbili na nusu. Ya kwanza ni ya Kenya, historia yake na serikali yake. Ya pili ni ya Afrika na dunia. Katika kila pepa, Sehemu A ina maswali mafupi 17 ya maki 25, na yote ni ya lazima. Sehemu B unachagua matatu kati ya manne, Sehemu C unachagua mawili kati ya matatu, na kila swali lina maki 15. Kwa hiyo insha ni tano. Dakika ulizonazo ni 150. Mimi huwaambia: dakika 10 za kusoma na kuchagua, 20 za Sehemu A, 24 kwa kila insha. Jumla yake ni 150 kamili, hakuna ya kuchezea. Mwanafunzi hodari akitumia dakika 40 kwenye swali la kwanza kwa sababu analipenda, ameshajiibia mwenyewe swali la tano, na swali la tano lina maki sawa na lile alilolipenda.

Swali lenyewe la insha hugawanywa (a) na (b). Kipande cha (a) ni cha maki 3 au 5, unataja hoja katika sentensi fupi unaendelea. Kipande cha (b) ni cha 12 au 10, na huko ndiko hoja inakotakiwa kuelezwa: hoja sita kwa maki 12, tano kwa maki 10, mbili mbili. Moja ya kuitaja, moja ya kuieleza. Anayeorodhesha tu kwenye (b) anarudi na nusu. Anayeandika aya ndefu kwenye (a) anapoteza wakati wala haongezewi kitu.

Sasa tuone jibu lenyewe. Chukua swali ambalo mtoto wa Mombasa ana haki ya kulijua kuliko mwengine yeyote: eleza sababu sita zilizofanya utawala wa Wareno uanguke katika pwani ya Afrika Mashariki. Msichana mmoja aliniletea jibu lake la swali hili wakati wa mapumziko, wenzake wakiwa nje wanakula viazi karai. Ukurasa ulikuwa umejaa, hati nzuri, hakuna mahali palipofutwa. Ameeleza jinsi Almeida, kamanda wa Wareno, alivyoishambulia na kuichoma Mombasa 1505, akaeleza na uvamizi wa 1528, akaeleza watu walivyolipishwa kodi, akamalizia kwa kusema wenyeji waliwachukia Wareno.

"Hapa pana hoja ngapi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Sita, Mwalimu. Nimehesabu."

"Hebu nionyeshe ya pili iko wapi."

Akatafuta kwa kidole. Ukatili, kuchoma mji, kodi nzito na chuki ya wenyeji vyote vilikuwa ni jambo moja limevishwa nguo nne: Wareno walitawala kwa mabavu, wenyeji wakaasi. Msahihishaji anatia maki mbili hapo, halafu anapita akitafuta kitu kingine. Hakipo. Maki mbili kati ya kumi na mbili, na mtoto anaujua mji wake vizuri kuliko mimi.

Tukakaa kwenye benchi tukalijenga upya. Hoja ya kwanza tukaiacha ile yake ya mabavu, lakini kwa sentensi mbili tu. Ya pili: Ureno ni nchi ndogo, haikuwa na watu wa kutosha kulinda vituo vyake vyote kutoka Sofala, kule Msumbiji, mpaka huku kwetu, sembuse Bara Hindi. Ya tatu: kuanzia 1580 hadi 1640 Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, na maadui wa Uhispania wakawa maadui wake pia. Ya nne: Waholanzi, Waingereza na Wafaransa waliingia Bahari ya Hindi wakaiharibu biashara ambayo Wareno waliitaka peke yao. Ya tano: maofisa waliokuwa huku walijitajirisha wenyewe, mapato yasifike Lisbon. Ya sita: Waomani, waliokuwa wamewafukuza Wareno Muscat mwaka 1650, waliitikia wito wa watu wa pwani na mwishowe wakaichukua Ngome. Maradhi ya joto, tofauti ya dini, na umbali uliochelewesha msaada kutoka kwao vikabaki akiba. Ukurasa ule ule, wino ule ule.

Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko chai ya mapumziko, na isingewezekana kama angekuja na daftari tupu. Ningesimama mbele nikatoa sababu kumi za kuanguka kwa Wareno, angeziandika zote kwa hati yake nzuri, na Novemba angerudia kosa lile lile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuliona.

Ukishaandika jibu lako, jipime kabla hujaja. Soma kila hoja, halafu jiulize: nikiifuta hii, kuna kitu kinapotea ambacho hakimo katika nyingine? Kama hakuna, ni nguo ya pili ya mtu yule yule. Na angalia swali limeuliza sababu, athari, au hatua zilizochukuliwa. Kwenye pepa ya pili watoto wengi huliwa hapo. Wanaulizwa kwa nini Waingereza walitumia utawala kupitia machifu Kaskazini mwa Nigeria, wao wanaandika matokeo yake, au wanaeleza kwa nini mfumo huo ulikwama Kusini. Habari zote za kweli, maki hakuna.

Juu ya tarehe, msijitese. Mtoto anayekariri tarehe mia mbili usiku wa kuamkia pepa anakesha bure. Tarehe ina faida moja kubwa: inakuzuia usiweke athari mbele ya sababu. Na kwa tarehe za pepa ya kwanza, wewe mkaazi wa Mombasa umebahatika, kwani sehemu kubwa ya silabasi unapishana nayo kwenye matatu. Konda akiita "Kengeleni!", hapo pana kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishenari 1875, miaka miwili baada ya Sultan Barghash kukubali kulifunga soko la watumwa la Zanzibar. Ukikumbuka 1873 na 1875 kwa pamoja, umeshapata sababu na matokeo. Rabai hapo juu, kituo cha wamishenari Krapf na Rebmann, ni 1846. Krapf mwenyewe alifika Mombasa 1844. Reli ilianza kujengwa hapa 1896, ikafika Kisumu 1901. Makuli wa bandarini waligoma 1939, na Januari 1947 ukaja mgomo mkubwa wa mji mzima, uliotuletea jina la Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, kwenye topiki ya vyama vya wafanyakazi. Na Mekatilili wa Menza na Wagiriama walioupinga utawala wa Waingereza, 1913 na 1914, si mbali na hapa. Mwalimu anayetoka bara kuja kutufundisha haya hutuonea wivu.

Lakini kuna hatari yake. Ukiulizwa mchango wa wamishenari katika Kenya nzima, usijifungie Freretown na Rabai ukasahau shule, hospitali, uandishi wa lugha na makanisa ya sehemu nyingine. Kwetu kunakupa mifano, swali bado ni la nchi.

Sehemu C ya pepa ya kwanza, yaani serikali, ndiyo inayodharauliwa zaidi, eti ni mambo ya kawaida ya redioni. Nisikilizeni kwa makini hapa, hasa mnaorithi pepa za zamani kutoka kwa kaka na dada. Katiba ya sasa ilizinduliwa 27 Agosti 2010. Majibu ya serikali yaliyoandikwa kabla ya hapo yana mikoa minane, wabunge 210 wa kuchaguliwa, na rais aliyetakiwa kupata asilimia 25 katika mikoa mitano. Leo kuna kaunti 47, viti vya maeneo bunge ni 290, kuna na wabunge wanawake 47 wa kaunti na 12 wa kuteuliwa, Seneti imerudi, na rais anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Pepa hizo kuukuu zitumie kwa historia, maana Wareno hawajabadilika. Kurasa za serikali zichane.

Na kuna kosa jengine katika sehemu hiyo hiyo. Ukiwauliza kazi za serikali ya kaunti, nusu ya ukumbi itakwambia kujenga shule za sekondari. Kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Vivyo hivyo, zahanati na hospitali za kaunti ziko kwa gavana, lakini hospitali kuu za rufaa za kitaifa haziko kwake. Ukiuchanganya mgawanyo huu unaweza kupoteza hoja tatu katika swali moja.

Kuhusu lugha: mtihani ni wa Kiingereza, na watoto wetu wengi hufikiri kwa Kiswahili. Sioni ubaya. Bishaneni kwa Kiswahili kwenye kikundi mpaka hoja ikae sawa, kisha kila mtu aiandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Anayetafuta maneno makubwa hupotelea katikati ya sentensi.

Walimu wenzangu, nanyi nina neno lenu, mtanisamehe. Tupunguze kuimla. Ukumbi wa watoto mia mbili hauwezi kufundishwa silabasi ya miaka minne asubuhi moja, na kujaribu ni kujionyesha tu. Mimi siku hizi nachukua maswali matatu, hayazidi. Naandika la kwanza ubaoni, nawapa dakika 24, nanyamaza. Kile kimya huwatia hofu, wanaanza kuangaliana, mwengine anainua mkono kuuliza kama topiki hii "itatoka". Simjibu. Wakati ukiisha wanabadilishana karatasi na jirani, nawasomea mwongozo wa kusahihisha hoja kwa hoja, na kila mmoja anatia maki ya mwenzake kwa kalamu nyekundu. Kelele inayozuka hapo ndiyo masomo yenyewe: "Hii si hoja, umerudia!" "Sijarudia, soma vizuri!"

Wazazi, huyo kijana wa mtandaoni anayewauzia wanenu pepa "halisi" wiki mbili kabla ya mtihani, msimtumie hata shilingi. Anawauzia pepa za majaribio za shule fulani, na mtoto anaacha kusoma topiki nyengine zote. Pesa hizo mnunulieni karatasi za mistari na saa ya mkono, maana simu haingii katika chumba cha mtihani.

Halafu ukirudi nyumbani baada ya marudio, kabla hujalala, liandike upya lile jibu ulilokwenda nalo, kwa dakika 24 zile zile. Liweke pamoja na lile la kwanza katika faili moja. Jumamosi inayofuata usiende na swali jengine la Wareno. Chukua Sehemu C.