Mifumo ya bandari ikivamiwa wakati wa vita

Dada, umeuliza kama mdukuzi akizima mifumo ya Bandari ya Mtwara wakati wa vita, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 bado inamgusa. Inamgusa. Raia aliyejifungia ndani na kompyuta yake hana kinga ya mwanajeshi. Akipatikana anashtakiwa kwa kuingilia mfumo bila idhini.

Ugumu unaanza mhusika akiwa jeshi la nchi nyingine. Hapo ni Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za kimataifa za vita: bandari inayopakia korosho ni mali ya kiraia, hailengwi. Ikianza kushusha silaha inaweza kupoteza ulinzi huo, ila hata hapo mshambuliaji lazima apime madhara kwa raia.

Na madhara hayana mipaka. Juni 2017 programu haribifu ya kompyuta iitwayo NotPetya ilielekezwa Ukraine, ikaangusha mifumo ya kampuni ya meli za makontena ya Maersk duniani. Mageti ya makontena yakagoma kufunguka, malori yakajaa barabarani hadi New Jersey, Marekani. Sasa weka hilo hapa kwetu msimu wa korosho, malori yamejaa magunia na hakuna anayejua kontena lipi la nani.

Kinachonitia hofu zaidi ni nyaya za intaneti chini ya bahari. Mkataba wa Paris wa 1884 unazilinda, lakini kifungu cha 15 kinawaacha huru walio vitani. Pengo hilo lina zaidi ya miaka 140 na sisi wa pwani ndio tunaokaa juu yake.