Ikikubali mara kumi usikimbilie kuandika "kwa hiyo"

Wadogo zangu wa fomu faivu na siksi, na nyie wengine ambao hesabu mliziacha shuleni lakini kila siku mnapiga mahesabu ya maisha, leo naongelea ugonjwa mmoja ambao nauona kila mwaka kwenye tuisheni hapa Chumbageni, Tanga. Mtu anapewa fomula, anaweka 1 inakubali, anaweka 2 inakubali, anaweka 3 nayo imo, basi anaandika "kwa hiyo ni kweli kwa namba zote" na anapiga mstari chini kwa rula kabisa. Sasa hiyo "kwa hiyo" imetoka wapi jamani?

Mi siwagombezi, nawapa fomula inayotokana na ile ya mwanahisabati Euler ya mwaka 1772, n² + n + 41, nawaambia watafute kama kila jibu ni namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Weka 1 unapata 43. Weka 2 unapata 47, halafu 53, 61, 71, zote tasa. Darasa linachangamka, kalkuleta zinalia, wakifika kumi hivi watu wanaanza kuchoka, "ticha hii imeshakubali, tupe nyingine". Nawaambia we endelea tu. Na kweli inaendelea kukubali mpaka 39, jibu 1601, tasa safi. Ukiweka 40 unapata 1681 ambayo ni 41 mara 41, imekufa hapo hapo.

Lakini kilichonifurahisha mwaka mmoja ni binti mmoja pale nyuma ambaye hakugusa kalkuleta kabisa, alikuwa anaiangalia tu ile fomula ubaoni, mwisho akasema, "Ticha, nikiweka 41 si kila kipande kitagawanyika kwa 41?" Haya, 41² inagawanyika, 41 inagawanyika, ile 41 ya mwisho ndo usiseme, jibu ni 41 mara 43. Wenzake walikuwa bado kwenye 17 huko.

Na huo ndo ushauri wangu wa kwanza na kama huna muda wa kusoma yote chukua huu: usipange mifano kwa foleni, moja mbili tatu, nenda moja kwa moja pale unapohisi kitu kinaweza kuvunjika. Iangalie fomula imejengwaje, jiulize ni namba gani itaisumbua. Mfano mmoja uliotafutwa kwa nia ya kuvunja una thamani kuliko ishirini iliyookotwa njiani.

Kuna watu wanasema sawa, arobaini ni kidogo, lakini ikikubali mara milioni je? Mwaka 1919 mwanahisabati Pólya alitoa dhana moja, kwamba ukihesabu kuanzia 1 kwenda juu, popote utakaposimama baada ya hiyo 1, angalau nusu ya namba ulizopita zina idadi witiri ya vigawo tasa (kinachojirudia unakihesabu kila mara, kwa mfano 12 ni 2 × 2 × 3, vigawo vitatu). Watu wakajaribu wee, inakubali. Mwaka 1958 Haselgrove akathibitisha kwamba dhana ni ya uongo, na mwaka 1980 Tanaka akaonyesha kwamba mahali pa kwanza inapovunjika ni 906,150,257. Yaani ungekaa unajaribu namba zaidi ya milioni mia tisa, zote zinakuchekea.

Kwa nini hesabu ziwe na tabia hii wakati jikoni kijiko kimoja tu cha mchuzi kinakwambia chumvi ya sufuria zima? Kwa sababu mchuzi umekorogwa. Namba hazijakorogwa, zile ndogo tunazozijaribu sisi siku zote zinakaa pembeni zina tabia zake, na zile kubwa ambazo ndo nyingi hatujawahi kuzigusa. Kwa hiyo kabla hujaamini sampuli yoyote, iwe ya namba au ya watu au ya mechi, uliza kwanza, hii imekorogwa? Wale wa mikeka mnanisikia, timu imeshinda tano mfululizo, sawa, ilicheza na nani, nyumbani au ugenini, na straika wao bado ni mzima?

Sasa kwenye hesabu dawa ipo na inaitwa induksheni, jina linachanganya kidogo kwa sababu induksheni ya mtaani ni kukisia kanuni kutoka kwenye mifano, hii ya hesabu haikisii kitu, inafunga kazi moja kwa moja. Tuseme unataka kuthibitisha kwamba ukijumlisha namba witiri kwa mpangilio, 1 + 3 + 5 na kuendelea, siku zote unapata mraba. Chukua vifuniko vya soda uvipange mezani. Kimoja. Ongeza vitatu, unapata mraba wa mbili kwa mbili. Ongeza vitano kwa kuvizungusha pande mbili za ule mraba, unapata tatu kwa tatu. Ukiangalia mkono wako unavyofanya utaona siri yote: ukiwa na mraba wa n kwa n, ili uupanue unahitaji n upande mmoja, n upande wa pili na kimoja cha kona, jumla 2n + 1, na hiyo siku zote ndo namba witiri inayofuata. Hapo hujasema "nimejaribu mara nyingi", umesema kwa nini kila hatua inazaa inayofuata, haijalishi uko kwenye tatu au kwenye bilioni. Kazi iko kwenye hiyo hatua, ndipo maksi zilipo, na ndipo watu wanapopitisha maneno mengi bila kitu.

Ila msidharau hatua ya kwanza pia. Nikikwambia kila namba ni sawa na ile inayoifuata utanicheka, lakini hatua ya katikati inafanya kazi vizuri tu: kama k = k + 1, ongeza moja kila upande, k + 1 = k + 2. Safi! Kasoro yake ni kwamba hakuna pa kuanzia, 1 si sawa na 2.

Huku nje ya hesabu mambo ni magumu zaidi maana hakuna vifuniko. Mwanafalsafa mmoja Mskoti, David Hume, alilianzisha hili mwaka 1739 akalirudia 1748: unajuaje kwamba kesho itafanana na jana? Ukijibu "mbona siku zote imekuwa hivyo", umetumia kitu kile kile ulichoulizwa ukithibitishe. Unazunguka mnazi. Yeye mwenyewe alisema kinachotusukuma ni mazoea tu, na bila mazoea tusingeweza hata kuishi. Baadaye mwanafalsafa mwingine, Karl Popper, mwaka 1934, akaja na yake kwamba sayansi haihitaji kurundika mifano inayokubali, kazi yake ni kubuni dhana na kujaribu kuivunja. Nampenda Popper kwenye ile habari ya kuvunja, lakini aliposema induksheni, ile ya kukisia kutoka kwenye mifano, hatuihitaji kabisa mi namwona kazidisha, nenda pale Deep Sea kawaambie wavuvi wasitegemee mazoea uone kama utapewa hata dagaa.

Wazee wa pwani walijua tangu zamani kwamba mwezi mchanga na mwezi mpevu kuna bamvua, maji yanajaa na kupwa sana, katikati yake maji mafu, yanajaa na kupwa kidogo, na kila siku maji yanajaa yakichelewa kama dakika 50 hivi kuliko jana. Hawakuwa na fomula, walikuwa na macho na uvumilivu, na walikuwa sahihi. Mwaka 1687 Newton akaleta sababu, kwamba mwezi na jua vinavuta bahari, vikiwa kwenye mstari mmoja vinasaidiana na ndo bamvua inatokea. Sababu inakupa kitu ambacho mazoea hayakupi, inakwambia kanuni inaishia wapi na kwa nini bandari nyingine maji yanafanya vingine. Kwa hiyo ukiona jambo linajirudia, biashara inachangamka kila mwisho wa mwezi au mtoto anaumwa kila akila kitu fulani, liheshimu, lifanyie kazi, lakini endelea kutafuta kinacholisukuma.

Na sisi wa Tanga tuna mfano wetu mkubwa kabisa wa kanuni kuvunjika, silikanti. Wanasayansi walikuwa wanajua samaki huyu kwa visukuku tu, mabaki yaliyogeuka mawe, na visukuku hivyo vilikuwa vinakoma kwenye tabaka za miaka kama milioni 66 iliyopita. Wakasema kaisha, kaenda na madainosaria. Desemba 1938 meli ya uvuvi ikaleta mmoja East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya pale akamwona, akajua huyu si wa kawaida. Wa pili akapatikana Komoro mwaka 1952, ambako wavuvi walikuwa wanamjua zamani tu na wana jina lake, gombessa. Halafu kuanzia 2003 akaanza kunasa kwenye majarife ya papa hapa Tanzania, Kigombe ya huku kwetu ikiwemo, mpaka mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake.

Angalia kosa lilikuwa wapi. Ushahidi ulikuwa mwingi, miaka yote ile bila kisukuku hata kimoja kipya, lakini ulikuwa umetoka sehemu moja, kwenye miamba, wakati samaki anaishi kwenye mapango ya maji ya kina ambako nyavu za kawaida hazifiki. Na waliokuwa na habari zake hakuna aliyewauliza. Mi nikiambiwa "hakuna mtu anayenunua hii kitu mjini" huwa nauliza we umeuzia wapi, umepita Ngamiani na Makorora au umekaa barabara moja tu?

Haya, tuisheni ya leo tumalizie na zoezi, maana mmesoma sana maneno. 2ⁿ ni kubwa kuliko n². Weka 1, inakubali, 2 dhidi ya 1. Weka 2, zinalingana, imekataa. Weka 3 ndo mbaya zaidi, 8 dhidi ya 9. Weka 4 zinalingana tena. Mwenye ule ugonjwa nilioutaja juu hapa angeshaitupa. Weka 5, 6, 7 uone kinachotokea, halafu kaa chini uniandikie uthibitisho wa induksheni kwamba kuanzia hapo haikatai tena milele. Utahitaji kuonyesha kwamba 2n² inazidi (n + 1)², na hilo si kila n inalikubali, kwa hiyo chagua vizuri pa kuanzia.