Mpishi wa runinga mchukulie mbinu, sahani mwachie mwenyewe

Kila nikitaja vipindi vya mapishi mbele ya shangazi zangu wa Tanga, ubishi huanza. Hawa wapishi mashuhuri wanatusaidia, au wanatuharibia jiko? Shangazi mkubwa alishahukumu zamani: "Huyo hapiki, anajionyesha. Mpishi gani haonekani hata siku moja akisugua sufuria?" Mimi nasema wanasaidia, mradi uchukue mbinu ya mkono na sahani uwaachie wenyewe.

Mchukulie Gordon Ramsay, mpishi wa runinga wa Uingereza ambaye wengi wanamjua kwa kufoka. Ana namna yake ya kupika mayai ya kuvuruga: anayavunjia kwenye sufuria baridi pamoja na siagi, anaanza kukoroga motoni, halafu kila baada ya muda mfupi anaiinua sufuria, anakoroga nje ya moto, kisha anairudisha. Chumvi hutia mwishoni, na kijiko cha krimu ili kuyapoza yasiendelee kuiva. Krimu hiyo sijahangaika nayo, kijiko cha mtindi kinatosha. Lakini ule mkono wa kuinua na kurudisha ni mali kwa anayepikia mkaa, maana jiko la mkaa halina swichi ya kupunguza moto. Siku hizi nautumia ninapotia tui zito, nalo halikatiki.

Jambo jingine nililookota kwao ni kumkausha samaki kabla ya kumkaanga. Wapishi wengi wa runinga hufuta nyama au samaki kwa karatasi, na walio wazuri hukueleza kwa nini. Maji yakiwa juu ya ngozi, joto la pale halipandi zaidi ya nyuzi 100 hadi yakauke, ilhali ile rangi ya kahawia yenye harufu tamu huhitaji kama nyuzi 140 hivi. Samaki aliyelowa kwa hiyo huanza kuchemka badala ya kukaangika, na ngozi inabaki kwenye kikaango. Nilipomsimulia shangazi, alinicheka: yeye changu wake humwacha kwenye ungo, ajichuje na kupigwa na upepo, ndipo amkaange. Amefanya hivyo miaka yote, ila sababu hajawahi kuitaja na sisi hatukuthubutu kuuliza. Jikoni kwetu ukiuliza "kwa nini" unaambiwa tazama tu. Runinga imenisaidia hapo hasa, kwa kunipa sababu ambayo ninaweza kuihamishia kwenye chakula changu.

Kwenye muda, wanatudanganya. Mwaka 2010 Jamie Oliver, mpishi mwingine wa runinga wa huko huko, alitoka na mapishi ya mlo mzima kwa dakika 30, na watazamaji wengi Uingereza wakalalamika kwamba kwao ilichukua zaidi sana. Siyo kwamba alikusudia kudanganya. Yeye ni mzoefu, maji yameshachemka, mashine iko mezani na kila kitu kipo karibu na mkono. Wewe bado unamtuma mtoto dukani afuate ndimu. Vitunguu vya pilau vya familia haviwi kahawia kwa dakika tano, hata mtangazaji aseme nini. Kwa moto wa kiasi, hesabu robo saa na ushei. Ushauri wangu: muda wanaoutaja uzidishe mara mbili, na kabla hujaanza hesabu vyombo vitakavyooshwa.

Huyo huyo Oliver mwaka 2014 aliwachokoza Waafrika Magharibi kwa wali wake wa jollof, ule wali mwekundu wa nyanya wa kwao, ila wa kwake wenye nyanya ndogo zikiwa na vikonyo vyake, giligilani na limau. Walimjia juu mitandaoni, na mimi nipo upande wao. Kubadilisha pishi si dhambi, hata pilau ya Unguja si ya Moshi. Ila chakula chenye wenyewe kajifunze kwa wenyewe kwanza. Kama mtaani kwenu yupo Mnaijeria, kabishe hodi.

Kuhusu lile swali la kutuharibia jiko, mfano wangu ni Delia Smith, naye mpishi wa runinga wa Uingereza. Mwaka 1998 alifundisha kuchemsha yai kwenye BBC. Wapo wapishi wenzake waliomcheka, lakini mauzo ya mayai Uingereza yakapanda, kumbe watu walikuwa wanaona haya kuuliza. Miaka kumi baadaye, 2008, mama huyo huyo akarudi na mapishi ya mkato: nyama ya kusaga ya kopo, viazi vilivyopondwa na kugandishwa kiwandani. Simlaumu anayeshuka daladala saa mbili usiku akafungua kopo. Ninachosema ni kwamba siku ile ya yai mtazamaji alitoka na ujuzi, na siku ya kopo alitoka na orodha ya dukani. Vipindi vyetu navyo vina ugonjwa huo, kila mchuzi unaishia kwenye pakiti ya mdhamini. Kipime hivi: ile pakiti ikiondolewa, kuna kitu umefundishwa? Kama hakuna, lilikuwa tangazo.

Kazi ya Oliver ninayoipenda zaidi haina mbwembwe nyingi. Mwaka 2008 alikwenda Rotherham, mji wa kaskazini mwa Uingereza, akafundisha watu wachache wasiojua kupika, akawataka kila mmoja awafundishe wengine wawili. Mambo hayakwenda kama alivyotaka, lakini njia yenyewe ndiyo ninayoifuata. Nikiona mbinu, naijaribu kwanza kwa chakula cha kawaida cha siku ya kazi, maharage au mchicha, kamwe si siku ya wageni. Ikikubali, nampigia mtu simu nimweleze kwa mdomo bila kumtumia video. Nikikwama katikati ya maelezo, najua ni sehemu gani ya kurudi kuitazama upya.