Kiungo Kilichoachwa Kaskazini mwa Mto Shkumbin

Swali la juma lililopita liliuliza: lahaja moja inapofanywa lugha rasmi, lahaja nyingine hupoteza nini? Nitajibu kwa Kialbania, kwa kuwa humo hasara yenyewe inaonekana wazi.

Nilipokuwa nasoma Ujerumani, jirani yangu bwenini alikuwa binti wa Prishtina, Kosovo. Akimpigia mama yake simu alisema "du me shku", yaani nataka kwenda. Ila katika barua aliyoiandikia ofisi moja ya kwao aliandika "dua të shkoj", ambayo neno kwa neno ni "nataka niende". Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba hiyo "me" husemwa tu, haiandikwi.

Mto Shkumbin huikata Albania katikati hadi bahari ya Adriatiki. Kaskazini yake, pamoja na Kosovo, watu husema Kigegi. Kusini husema Kitoski. Mgegi ana irabu za puani, na mchanga anaouita "rana" Mtoski huuita "rëra". Hata jina la nchi ni Shqipnia kwa huyu na Shqipëria kwa yule. Hizo ni tofauti za matamshi, na sikio huzizoea upesi. "Me" ni jambo jingine, kwa maana inafanya kazi ileile ya "ku-" yetu, na Kitoski, ambacho ndicho msingi wa lugha rasmi, hakina umbo hilo. Tuseme sisi tungelazimika kuandika "naweza niimbe" na "najifunza nipike" kila mahali: tungeelewana, lakini tungekuwa tumenyang'anywa njia nzima ya kuunda sentensi. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kimvita, lahaja ya Mombasa, kiliachwa nje ya vitabu vya shule pamoja na "mato" (macho) na "ndia" (njia) zake, na hilo bado linawauma wenyewe; hata hivyo "ku-" ilikuwa ya wote.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba maandishi ya kale ya Kialbania ni ya Kigegi: maneno ya ubatizo yaliyoandikwa na askofu mkuu Pal Engjëlli mwaka 1462, na kitabu cha ibada cha padri Gjon Buzuku cha mwaka 1555. Mshairi Gjergj Fishta, Mgegi wa upande wa Shkodër, ndiye aliyeongoza kamati ya alfabeti katika mkutano wa Manastir mwaka 1908, ambako Waalbania walikubaliana kuandika kwa herufi za Kilatini. Utawala wa kikomunisti wa Enver Hoxha, Mtoski wa Gjirokastër, ukaja kupiga marufuku mashairi ya Fishta. Kongamano la Tirana la mwaka 1972 ndilo lililothibitisha lugha sanifu yenye msingi wa Kitoski.

Sidai kwamba Wagegi wote walilazimishwa. Wasomi wa Kosovo waliikubali tahajia ya Tirana kwa hiari yao mwaka 1968, wakiwa chini ya Yugoslavia, kwa sababu kuandika sawa na ndugu zao waliotengwa nao kwa mpaka kulikuwa na thamani kubwa kuliko lahaja, na uamuzi huo nauheshimu kwa dhati. Lakini mazingira yale yamekwisha. Lugha sanifu ibaki kama ilivyo katika tahajia na msamiati, ila "me" ipewe nafasi katika maandishi rasmi, kuanzia insha za wanafunzi wa Shkodër na Prishtina, ili mtoto aandike "nataka kwenda" kama anavyomwambia mama yake.