Ustawi wa nani sasa?
Msee, unasema mema na mabaya yanaweza pimwa kisayansi kwa kuangalia tu ustawi wa binadamu. Nakubali nusu. Mtoto akinywa maji yenye kipindupindu anaumia, awe Karen kwa matajiri awe Kibera kwa mabanda, hiyo haitegemei mila ya mtu, kwa hivyo wale wanasema kila kitu ni mtazamo nawapinga kabisa. Lakini mwanafalsafa David Hume alishasema 1740, huwezi toka kwa "iko hivi" ukaruka hadi "inafaa iwe hivi" bila kueleza umefikaje. Kwamba ustawi ndio kipimo, hiyo umechagua wewe, maabara haijakupea.

Alafu ustawi wa nani? Cheki Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, 2021, nyumba zilibomolewa ndio barabara ipite, watu wakalala nje kwa baridi na watoto na magodoro yao, sasa ukijumlisha dakika zote wenye magari wanaokoa kwa jam unaweza pata hesabu inasema ni sawa, na mimi nakwambia si sawa hata hesabu ikikubali. Mama aliyebaki kando ya vifusi na sufuria zake ana haki ambayo haitoki kwa hiyo jumla, na hapo ndio nadharia yako bado haijanijibu.